Kura Tisa, Mapipa Tisa

"Hivi, Mama Keziah, wewe unaamini kwamba yule mzee anaamini hayo anayoyasema?"

Aliyeuliza alikuwa Ishmael Jacoby, mhunzi, ameegemea uzio uliotenganisha karakana yake na ua wa kufulia wa Keziah Tunison. Ilikuwa asubuhi ya uchaguzi, Oktoba ya mwaka 1798, na gari la farasi wawili lilikuwa limesimama mlangoni kwa Keziah likimsubiri. Keziah alikuwa mjane wa miaka arobaini na mmoja, mfua nguo wa hapa kwetu Stony Ford, mwenye nyumba ya vyumba viwili, kisima, ng'ombe mmoja, na mikono iliyobabuka kwa sabuni ya majivu. Maishani mwake hakuna gari lililowahi kusimama pale ila lile lililobeba jeneza la mumewe mwaka mmoja kabla. Hili lilikuwa la Mheshimiwa Absalom Terhune, mjumbe wa Baraza la New Jersey, na lilikuja kumchukua akapige kura.

Keziah hakupenda kumhukumu mtu. Alimjibu jirani yake kwamba moyo wa binadamu anauona Mungu peke yake. Yeye anachokiona ni gari. Ishmael akacheka, akafunga karakana. Naye alikuwa mpiga kura. Alikuwa mtu mweusi huru, aliyejikomboa kwa miaka kumi na minne ya kupiga nyundo usiku baada ya kumpigia bwana wake mchana, na ile karakana ilikuwa mali yake. Ila gari halikuwa limetumwa kwake. Alikwenda kwa miguu maili tatu, na kwa kuwa gari lilipita kwanza kuchukua wajane wengine wawili, alifika kabla yao.

Katiba yetu ya siku zile ilisema kwamba kila mkazi mwenye mali ya pauni hamsini apige kura. Haikusema mwanamume, haikusema mweupe. Mke wa mtu hakuwa na mali, kwa sababu hata sufuria aliyopikia ilikuwa ya mume, kwa hiyo hakuhesabiwa. Mjane alihesabiwa. Ndiyo maana mzee Tunison alipofariki alimwachia mkewe nyumba, ng'ombe na kura.

Mheshimiwa Terhune alilipenda sana hilo neno wakazi. Mwaka 1776, wakati wa vita vya uhuru, katiba ilipokuwa ikiandikwa haraka haraka na Waingereza wako njiani, yeye alikuwa kijana wa kuchonga kalamu kwenye chumba cha waandishi wake. Kila tarehe nne ya Julai, sikukuu ya uhuru, alipanda jukwaani akasimulia jinsi wakubwa walivyokwama wakitafuta neno, na jinsi yeye, huku akichonga, alivyonong'ona, "Andikeni wakazi wote." Kila mwaka ule mnong'ono uliongezeka sauti kidogo. Kufikia mwaka 1800 alikuwa ameusema kwa kusimama juu ya meza.

Aliyeshika hatamu za gari siku ile aliitwa Prime, mtu wa makamo, mpole, aliyekuwa mtumwa wa Mheshimiwa. Njiani Keziah alimuuliza kama na yeye atapiga kura. 

"Mimi nimeshahesabiwa, mama," alisema. "Nimo kwenye zile pauni hamsini za bwana."



Mheshimiwa alikuwa mlangoni mwa nyumba ya uchaguzi, kofia mkononi. Kofia ile ilijua tarehe zake. Oktoba ilishuka kwa kila mtu, hata kwa mfua nguo. Novemba ilirudi kichwani, na hapo ingekuwa kazi kuing'oa. Keziah alikumbuka yule Absalomu wa kwenye Biblia, aliyekuwa akisimama langoni akiwabusu watu mmoja mmoja kabla ya kumwasi baba yake, akajiuliza kama wazazi wa huyu walisoma kitabu mpaka mwisho kabla ya kumpa mtoto jina.

Ndani, msimamizi wa shamba la Mheshimiwa, Dirk Stagg, alimpa karatasi iliyokwisha andikwa. Keziah alimrudishia, akaomba tupu. Akakaa, akaandika polepole, kwa herufi alizojifunza kwa kunakili Zaburi: Absalom Terhune. Stagg alichungulia, akauliza si jina lile lile. Keziah akamwambia ni lile lile, ila hili ameliandika yeye.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuwa amelitazamia. Karani alinyanyua kichwa, akasema kwa sauti mbele ya chumba kizima, "Keziah Tunison amepiga."

Kwa miaka ishirini alikuwa mke wa Tunison. Kanisani wanawake walikaa kimya, sokoni waliandikwa kwa jina la mume, na hata jeneza lilipolipiwa risiti iliandikwa jina la marehemu. Sasa jina lake lilitamkwa hadharani na watu wakasogea apite. Alitoka nje miguu ikiwa myepesi. Ikawa vizuri, maana alihitaji miguu: lile gari lilijua kwenda tu, kurudi halikujua. Prime alikuwa ametumwa kufuata mjane mwingine. Keziah alirudi maili tatu kwa miguu pamoja na Ishmael, ambaye hakumuuliza lile gari liko wapi zaidi ya mara nne.

Januari iliyofuata Hendrick Voorhis, fundi mapipa, alikuja kumposa. Hendrick alikuwa mgane wa miaka mitatu, mtu wa maneno machache na mikono mipana, na Keziah alikuwa akimpenda tangu kiangazi bila kumwambia mtu ila Mungu. Hakuja na maua. Alikuja na pipa jipya la kufulia, la mwaloni, pete zake zimekazwa vizuri hata tone halikupita. Keziah aliligonga kwa vidole, akalisifu, akamkaribisha uji wa mahindi na asali. Kisha akamuuliza:

"Nikiolewa, kura yangu inakwenda wapi?"

Hendrick alitafuna akifikiri. Alisema labda inakuja kwake. Halafu akajisahihisha: yeye anayo yake tayari, na mtu hapewi mbili.

"Basi inakwenda wapi?"

"Haiendi popote," alikiri. "Inapotea tu."

Keziah alimwomba mwaka mmoja. Alitaka kusikia jina lake likitamkwa mara moja zaidi, halafu ataolewa na moyo mweupe. Hendrick akasema mwaka si mrefu, akaacha pipa.

Oktoba jina likatamkwa. Januari Hendrick akaja na pipa la pili. Keziah akaomba mwaka mmoja. Wachumba wengine huhesabu siku. Hawa wawili walihesabu mapipa. Lilipofika la tano, ua ulijaa, na vijana wa kanisani wakaanza kumuuliza Hendrick kama anaoa au anafungua duka. Yeye alijibu kwamba ana mpinzani mmoja tu, naye hawezi kumpiga ngumi kwa sababu ni Katiba.

Kila Alhamisi Keziah alikwenda kupiga pasi nyumbani kwa Mheshimiwa. Chumba cha pasi kilikuwa ubavuni mwa chumba cha kulia, na ukuta ulikuwa wa mbao. Waheshimiwa wakishashiba bata na kufungua chupa ya pili, maneno yalipita pale bila kubisha hodi. Alimsikia Mheshimiwa akiwaeleza wenzake kwamba watu ni kama farasi: wana nguvu, lazima walishwe, lazima wapigwepigwe shingoni na kuitwa wazuri, lakini hakuna mwenye akili anayewapa hatamu. Mgeni mmoja akauliza, na wajane je? Vicheko vikapigwa.

"Wajane ndio rahisi kuliko wote," ikasema ile sauti ya Julai. "Unatuma gari tu."

Siku ile Keziah aliunguza mkono wa shati, wa kwanza katika miaka sita.

Alirudi nyumbani akapiga magoti. Alimwombea Mheshimiwa, akajiombea na yeye, maana alikuwa na hasira. Oktoba ilipofika hakupanda gari. Alitembea na Ishmael, akafika na viatu vyenye vumbi, akaandika jina lile lile. Ishmael hakuelewa kabisa. Wakati wa kurudi, alipokwisha kusimuliwa ya chumba cha pasi, alimwambia kwamba yeye Keziah amemsikia mtu akimwita farasi, halafu amekwenda kumtandikia mgongo mwenyewe.

Keziah alikuwa amelifikiria. Mpinzani wa Mheshimiwa, alisema, anayasema maneno yale yale mchana, jukwaani, tena kwa sauti, na watu wanampigia makofi. Huyu angalau anayasema usiku, mlango ukiwa umefungwa.

"Mtu anayeona haya mchana bado anaweza kuokoka," alisema.

Ishmael alisema yeye ni mhunzi, anajua chuma kinachopinda na kile ambacho kimeshapinda. Lakini hakumtania tena mpaka walipofika nyumbani.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda mpaka kura zikawa tisa na mapipa yakawa tisa.

Machi ya mwaka 1807 ikaletwa kura ya aina nyingine. Wilaya ilitakiwa kuamua nyumba mpya ya mahakama ijengwe wapi: hapa Stony Ford au ng'ambo ya mto, Quarry Hill. Ng'ambo walikuwa wengi kuliko sisi. Mheshimiwa Terhune alikuwa na uwanja mkubwa Stony Ford, mahali ambapo kwa bahati tu nyumba ya mahakama ingekaa vizuri. Akahutubia juu ya haki za wakazi kwa muda wa saa mbili na nusu.

Siku mbili kabla ya kura, Keziah alifua nguo za nyumba ya Mheshimiwa. Kulikuwa na gauni la bluu la Bibi Terhune, na mawili ya mabinti zake, la kijani na la kahawia, yote ya sufu nzito. Akayatia wanga kwenye kola, akayaanika. Asubuhi ya kura kamba ilikuwa tupu. Alidhani mtumishi amekuja kuyachukua mapema, akafunga kilemba chake, akaenda zake.

Msururu ulikuwa mrefu na barabara ilikuwa tope tupu. Keziah alikuwa amesimama akisoma Zaburi moyoni alipoliona gauni la bluu mbele yake, watu watatu tu kati yao. Akashangaa, maana Bibi Terhune ni mke wa mtu, hana kura. Halafu akaona kola. Ilikuwa imefungwa nyuma mbele. Chini ya upindo kulikuwa na buti za shambani, na yule aliyevaa alipogeuka kutema tumbaku, chini ya ile kofia ya kike kulikuwa na uso wa Dirk Stagg, umenyolewa vibaya.

Stagg hakuwa na mali ya pauni hamsini. Hakuwa hata na ya pauni tano. Alikuwa analala juu ya zizi la Mheshimiwa. Kwa suruali asingeruhusiwa kukaribia lile sanduku. Ila gauni la bluu lilitosha kumfanya mjane wa heshima.

Keziah alimwendea ofisa wa meza, akamwambia kwa upole kwamba yule si mwanamke, na gauni lile amelifua mwenyewe juzi. Ofisa alikuwa amechoka.

"Mama," alisema, "mimi nimewekwa hapa kuangalia mali. Ndevu hazimo kwenye sheria."

Keziah akatoka kwenye msururu bila kupiga, akasimama kando. Saa sita gauni la kijani likapiga kura, kwa sauti nyembamba, likatoa jina la mjane aliyezikwa wakati wa Krismasi. Saa tisa la kahawia. Ng'ambo ya mto nako hawakulala. Huko walileta watoto wa shule na, wengine wanasema, baadhi ya wasafiri waliokuwa wanapita. Kura zilipohesabiwa zilizidi watu mara tatu. Jioni Keziah aliyakuta magauni yametupwa mlangoni kwake, yana tope mpaka magotini na yananuka tumbaku na pombe ya matofaa. Hakukuwa na ujumbe wowote. Aliyaloweka kwenye pipa la saba.

Kelele zilikuwa kubwa, Baraza likaunda kamati ya uchunguzi, na kamati ikamchagua mwenyekiti mtu anayeijua wilaya vizuri, Mheshimiwa Absalom Terhune.

Mheshimiwa alikuja mwenyewe mpaka uani. Keziah alimgeuzia pipa akae, akampa maji. Hendrick alikuwepo siku hiyo akikaza pete iliyolegea, akamtazama kwa jicho linalosema nyamaza. Keziah aliliona lile jicho. Alijua kwamba nusu ya riziki yake inatoka katika nyumba ya mtu huyu. Lakini alikuwa ameulizwa, na ukweli ukiulizwa hauwezi kujificha nyuma ya beseni. Akasema yote: magauni, kola, buti, tumbaku, marehemu, na jina la Dirk Stagg, mara mbili, ili liandikwe sawasawa. Alisema kwa sababu aliamini kwamba kikishasemwa kitafuliwa, na kura itabaki safi kwa wenye kura.

Mheshimiwa aliandika kwa makini, akamshukuru. Kisha akavaa kofia, ingawa bado alikuwa amekaa.

Oktoba hiyo wajane waliambiwa wasubiri mpaka kamati imalize. Novemba sheria ikabandikwa mlangoni mwa kanisa. Kwa ajili ya usalama, utulivu na heshima ya jimbo, kura ingekuwa ya wanaume weupe huru wanaolipa kodi. Chini yake palikuwa na maelezo ya kamati. Keziah aliyasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, Ishmael akiwa begani kwake. Yalisema kwamba mfua nguo mmoja, mwanamke, amekiri mbele ya mwenyekiti kwamba magauni yaliyopita mikononi mwake yalipiga kura zaidi ya mara moja. Jina la Stagg halikuwepo, wala hakukuwa na neno kuhusu buti. Na juu ya lile neno wakazi, mwenyekiti alieleza kwamba yeye alikuwemo chumbani likiandikwa, na anaweza kushuhudia kwamba lilikuwa kosa la haraka ya vita.

Keziah alirudia kuusoma ule mstari wa mfua nguo. Alijitafuta ndani yake asijione.

"Nimewafungia mlango kwa mkono wangu," alisema.

Ishmael alisema hapana, mlango ulikuwa umeshachongwa siku nyingi, walikuwa wanatafuta msumari tu. Akasimama kidogo akiitazama ile karatasi iliyomtaja na yeye bila kumtaja. Miaka kumi na minne ya nyundo, halafu msumari.

"Mimi angalau sikupanda gari, Mama Keziah," akasema. Hakuwa anacheka, lakini alimshika mkono wakateremka ngazi pamoja.

Dirk Stagg, ambaye Mheshimiwa alikuwa amemlipia kodi yake ya kwanza, alipata kura yake halali kuanzia siku hiyo. Aliipiga kwa suruali.

Jumamosi Hendrick alikuja. Alivaa koti la kanisani, lakini hakubeba pipa. Alikaa, akala, akaongea habari za mialoni, akainuka kuondoka. Keziah akamuuliza mwaka huu vipi, hana la kusema?

"Ninalo," alisema. "Ila sikutaka kukupata kwa sheria."

Alikuwa amesubiri miaka tisa kikwazo kiondoke, na kilipoondoka aliona aibu kukanyaga mahali pale. Keziah alimtazama mtu huyu, ambaye hakuwahi kuhutubia, ambaye kila Oktoba alisimama naye nje ya nyumba ya uchaguzi ili asikie na yeye jina likitamkwa. Akamwambia akae, kwa sababu mwaka huu yeye ndiye anayeposa. Jumapili mchungaji akatangaza ndoa.

Habari ilimfikia Mheshimiwa, ikamfurahisha sana. Alhamisi iliyofuata Keziah alipopeleka mashati, aliitwa chumba cha kulia, si cha pasi. Bata alikuwa mezani na wageni walikuwepo. Mheshimiwa aliinuka, akawaambia wenzake kwamba mnamwona mama huyu, tumemtua mzigo wa siasa, na tazameni, mara moja amepata mume. Wakagonga glasi. Prime alikuwa amesimama ukutani na chupa, macho sakafuni.

Kisha Mheshimiwa akamgeukia, kwa ile sauti ya Julai. Alisema amekuwa mwaminifu kwake miaka tisa, hajawahi kukosa hata Oktoba moja, naye si mtu wa kusahau. Anataka kumpa zawadi ya arusi. Aseme tu anachotaka, kiwe kitambaa, kiwe kondoo, asione haya.

Keziah aliweka kikapu cha mashati chini. Alifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshaiacha kanisani. Alimtazama usoni, akasema:

"Naomba unirudishie kura zangu tisa, Mheshimiwa. Zote nilizipiga nikiwa mwanamke."